Pembeni mwa Picha ya Nyantende

Kaka yangu alinunua lenzi kwa kuipima uzito mkononi. Naanza hapo kwa sababu hasira yangu inaanza hapo, na sioni haja ya kujifanya mtu wa subira wakati wote wanaonijua wanajua sina. Alisimama ndani ya duka la vitu vilivyotumika kule Nyawera, akaishika lenzi ndefu kwa mkono wa kulia, akaipandisha na kuishusha kama mtu anayechagua kuku sokoni, akasema, "Iyi iko kitu." Muuza duka akaitikia kwamba kweli iko kitu. Mimi, mdogo wake wa kike, nilikuwa nimesimama nyuma yake na orodha yangu ya maswali kwenye karatasi, na hakuna aliyeniuliza hata moja.

Tulikuwa na studio moja, mimi na yeye, chumba na nusu juu ya duka la dawa. Ananizidi miaka minne, na kwa ajili ya miaka hiyo minne jina la mlangoni lilikuwa lake. Yeye alikwenda kwenye harusi, akala, akanywa, akapigiwa makofi. Mimi nilibaki na kompyuta nikisafisha nyuso alizozipiga vibaya. Makosa yake yote yalipita mikononi mwangu, kwa hiyo kazi yake naijua kuliko anavyoijua mwenyewe.

Kamera mpya ilikuja kutoka Kigali ikiwa mwili mtupu, bila lenzi. Ilikuwa na megapikseli arobaini na tano. Kaka alikwenda akiitangaza namba hiyo mtaani kote, lakini hakujiuliza maana yake. Kamera ya namna ile haisamehe. Inaona kila kitu, hata ubovu wa lenzi uliyoivisha. Ukiipa lenzi hafifu, ni kama kumvisha mtu mwenye macho mazima miwani ya babu yake: umemwongezea kitu usoni na umempunguzia dunia. Nilimweleza haya kwa Kiswahili, nikamweleza kwa Kifaransa. Alinisikiliza huku akiandika ujumbe kwenye simu.

Na haikuwa lenzi ya kazi yoyote tu. Baba yetu mkubwa, kaka wa marehemu baba, alikuwa anatimiza miaka hamsini ya ndoa. Sherehe ingefanyika kwake Nyantende, misa kwanza, halafu chakula, halafu picha ya ukoo mzima. Picha hiyo ingechapwa kwenye turubai la mita tatu na kutundikwa sebuleni kwake, na kila nyumba ya ukoo ingepata nakala ndogo. Alitaka kila mtu aonekane. Alisema hivyo kwenye simu, "Kila mutu," na kaka akajibu ndiyo, papa mukubwa, ndiyo, papa mukubwa, hadi nikatoka nje kwa kuchoka kusikia.

Sasa niseme nilichokuwa nakitaka mimi, ili msomaji asipate tabu ya kukisia. Nilitaka mama yangu awe na uso.

Baba alipofariki nilikuwa bado shule ya msingi. Wakubwa wa ukoo walikaa wakaamua mama aende kwa mdogo wa baba, kama ilivyokuwa desturi. Mama alikataa. Alikataa mbele yao wote, akiwa bado na kitambaa cha msiba kichwani, akasema watoto wake atawalea kwa jembe lake. Hawakumfukuza, kwa sababu Wakristo wazuri hawafukuzi mjane. Walichomfanyia ni cha polepole zaidi. Wanamwita kwenye kila sherehe, maana kutomwita kungekuwa aibu, lakini linapofika suala la picha, yule bwana wa protokoli mwenye kipaza sauti huita kwa daraja: wenye sherehe, watoto wao, wajukuu, mapadri na watawa wa ukoo, wageni wa heshima. Halafu mwisho husema, "Na bengine bote!" Mama yangu ni na wengine wote. Amekuwa na wengine wote tangu nikiwa na miaka tisa.

Kwa hiyo kwenye picha kubwa za ukoo husimama mwisho kabisa, upande wa kushoto. Ziko tatu. Kwenye ya kwanza alikatwa, limebaki bega. Kwenye ya pili yumo mzima lakini uso ni uji. Ya tatu, ya msiba wa bibi yetu tuliyemwita koko, aliipiga kaka mwenyewe, mtoto wake wa kumzaa, na lenzi yake ya zamani iliyoona vizuri katikati tu. Mama ananyoosha kidole kwenye lile doa la pembeni na kuwaambia wageni, "Njo mimi uyu. Muangalie kitenge." Anajitambua kwa kitenge. Nilimwambia kaka siku ile ile, hii picha ni mbaya. Akanijibu, "Iko sawa. Watu wote banaonekana." Kwake yeye watu wote ni wale wa katikati.

Basi lenzi ndefu ikaja nyumbani. Ilikuwa ya kuvuta, inaanza pana na kwenda mbali sana, lenzi moja ya kila kazi, na ndiyo maana kila kazi inaifanya nusunusu. Nilichukua mifuko mitano mitupu ya simenti kwa fundi aliyekuwa akijenga jirani, nikaibandika kwenye ukuta wa ua: mmoja katikati, minne kwenye pembe. Mfuko wa simenti una maandishi makubwa na maandishi madogo, na yale madogo ndiyo niliyoyataka. Nikaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikapiga, nikapandisha kwenye kompyuta. Katikati nilisoma hadi namba ya kiwandani. Pembeni hata jina la simenti lilikuwa limelowa. Nikafunga tundu la lenzi hadi namba nane, maana tundu dogo husafisha pembe, nikarudia. Nikafunga hadi kumi na moja. Pembe zilipata nafuu kidogo kama mgonjwa anayeagwa, halafu basi.

Nikamwita kaka aone.

"Nani ataangaliaka mifuko ya sima?" akauliza.

"Weka maman pale kwa mufuko," nikamwambia. "Uyu wa kushoto. Soma sasa."

Alitazama mfuko wa kushoto kwenye kioo. Halafu akasema maneno ambayo hadi leo yakinijia nikiwa naosha vyombo napasua sahani. Akasema, "Maman amezoea."

Lazima niwe mkweli kuhusu jambo moja, ingawa sipendi. Kaka hakuwa mjinga kabisa. Huku kwetu kila sherehe ina kamati, ina rais, ina katibu, na kitu cha kwanza wanachokitazama mpiga picha akifika ni urefu wa lenzi yake. Mwenye lenzi ndefu huwekewa kiti karibu na meza ya wakubwa na hupewa bia baridi. Mwenye lenzi fupi huambiwa asubiri kule kwa madereva. Nimeona mtu mwenye jicho zuri akirudishwa getini kwa sababu kamera yake ilionekana kama ya mtalii. Kaka alijua soko lake. Nilichomchukia si kwamba alijua soko, ni kwamba alitaka kumuuza mama yangu kwenye soko hilo.

Nilikwenda Nyantende peke yangu, siku ya katikati ya wiki, nikasema nimepeleka sabuni. Nilipima ua wa baba mkubwa kwa hatua. Kutoka ngazi za baraza hadi pale mteremko unapoanza ni hatua kumi na mbili ndefu, halafu chini ni migomba. Hapo ndipo hesabu ya lenzi ilipo, wala si kwenye uzito. Lenzi pana mno huwavuta watu wa pembeni, mtu akatoka na kichwa kama boga. Lenzi nyembamba mno inakudai urudi nyuma hadi ujikute ndani ya migomba ukipiga picha ya majani. Watu zaidi ya themanini, mistari mitano, hatua kumi na mbili. Nilihitaji milimita thelathini na tano, lenzi isiyovuta, fupi, safi hadi kwenye ncha. Baba mkubwa alinikuta nikihesabu hatua akaniuliza kama ninapima kiwanja nimnyang'anye. Alicheka sana kwa huo mzaha wake. Mimi sikucheka.

Nilirudi Nyawera kwa yule muuza duka nikiwa na mwili wa kamera kwenye mkoba. Lenzi niliyoitaka ilikuwa kwenye droo pamoja na chaja za simu na rimoti za televisheni. Ilikuwa ndogo kama kopo la nyanya. Aliipuliza vumbi akanipa bila heshima yoyote.

"Maman, aka kadogo unakafanyia nini? Hata zoom hakana. Ukitaka mutu akuye karibu, unatembea weye mwenyewe."

"Niko na miguu."

"Ile ya kaka yako njo objectif, njo lenzi ya banaume."

"Njo maana ninatafuta ingine," nikamwambia.

Nilisimama mlangoni pake nikapiga ukuta wa jengo la ng'ambo, tofali kwa tofali, nikakuza kwenye kioo cha kamera hadi pembeni. Tofali la mwisho lilikuwa na ufa, na ufa ulionekana. Nilimpa taa yangu ya flashi, iliyokuwa mali yangu na si ya studio, tukabadilishana, na uso wake ulikuwa wa mtu anayemwonea huruma kichaa. Nyumbani nikarudia mifuko ya simenti. Nilisoma pembe zote nne, hadi onyo la kutoweka simenti kwenye unyevu.

Nilipomwonyesha kaka, hakutazama hata kompyuta. Alitazama lenzi. Aliiweka kwenye kiganja na nikaona mkono ukianza kupanda na kushuka.

"Siendi kwa papa mukubwa na iyi," akasema. "Batasema tumeanguka. Batasema studio imekufa."

"Papa mukubwa hakupatiaka kitu. Hata minerval ya masomo hakulipaka. Unatafuta nini kwake?"

"Weye uko mwanamuke, hauwezi kuelewa."

Nilielewa vizuri sana. Kaka yangu alikuwa na miaka arobaini na bado alikuwa akingoja mzee yule amwambie neno moja zuri. Kwa neno hilo alikuwa tayari kumwacha mama awe doa kwa mara ya nne. Nilimdharau, na sikumficha. Nilitia lenzi ndogo kwenye mfuko wa koti langu, na tukapanda gari kwenda Nyantende.

Misa ilikuwa ndefu, chakula kilikuwa kingi. Bugali, sombe la majani ya muhogo, nyama ya ng'ombe, na kasiksi, ile pombe ya ndizi, kwa wazee waliosema bia inawatia kiungulia. Kaka alipewa kiti chake karibu na meza kubwa. Lenzi ndefu ililala mapajani mwake na watu wakaja kuitazama. Mama alikula na wanawake waliopika, nyuma, kwenye benchi la shule. Nilimtengenezea kitambaa kichwani nikamwambia asimame wima wakati wa picha. Akaniambia siku zote anasimama wima.

Halafu bwana wa protokoli akashika kipaza sauti na kuanza kuita. Wenye sherehe kwenye viti viwili vilivyofunikwa kitambaa cheupe. Watoto wao. Wajukuu chini kwenye mkeka. Padri, watawa wawili. Wageni. Mistari ikapanda kwenye ngazi za baraza na juu ya mabenchi. "Na bengine bote!" Mama akatoka kwenye moshi wa jikoni akijipangusa mikono, akaenda mwenyewe hadi mwisho wa mstari wa tatu, upande wa kushoto, bila kuonyeshwa.

Kaka alikuwa amekwisha kusimama ukingoni mwa mteremko, kamera kwenye stendi, lenzi ndefu mbele. Nilimwendea.

"Kaka, tubadilishe. Dakika moja tu."

"Si hapa."

"Hapa njo penyewe."

"Nimekuambia hapana. Weye uko mutoto wa namna gani?"

"Kuko nini kule?" baba mkubwa akauliza kutoka kitini.

Kaka angeweza kusema hakuna kitu. Badala yake alijichekesha, akanionyesha kwa kidevu. "Ni mudogo wangu, papa mukubwa. Anataka tuweke kale ka objectif kake." Nilikuwa nimekwisha kuitoa mfukoni. Watu themanini wakaona kopo la nyanya mkononi mwangu, wakacheka. Mwingine akauliza kama ile kubwa ilizaa.

Hapo ndipo ulimi wangu ulipoacha kunitii, au ndipo uliponitii kuliko siku zote, sijui. Nilisema kwa sauti ya kufika hadi jikoni.

"Papa mukubwa, kaka anapimaka objectif kilo! Sawa nyama ku boucherie! Anaishika ivi, anasema iyi iko kitu." Nikawaonyesha. Nikaupandisha mkono na kuushusha, nikakunja midomo kama anavyoikunja. "Photo ya deuil, ya kilio ya koko, munakumbuka? Mulitoka flou, bila sura, nusu yenu. Munazani ni mvua? Ni yeye. Kazi haijui. Mimi njo nasafishaka bintu byake miaka yote hii."

Kicheko kiligeuka. Kilikuwa kinanijia mimi, kikamrudia yeye, na kilikuwa kikubwa mara tatu, kwa sababu watu hupenda kumwona mwenye kiti cha mbele akianguka. Baba mkubwa alicheka hadi akajifuta macho. Kaka aliifungua lenzi ndefu yeye mwenyewe, taratibu, akanipa kamera bila kunitazama, akabaki ameikumbatia lenzi kifuani hajui aiweke wapi. Binamu yetu mmoja akashuka ngazi, akaichukua, akaipima mkononi mbele ya watu. "Kilo ngapi?" akauliza. Wakacheka tena.

"Basi binti apige," baba mkubwa akasema. "Na weye, mwanaume, kuya huku kwetu. Simama nyuma yangu."

Alikuwa hajawahi kuitwa hapo, katikati. Miaka yote kamera ilimpa sababu ya kutosimama popote. Alipita mbele ya watu wote akapanda ngazi, na binamu akamwekea mkono begani kama anayempokea mfungwa.

Mimi nilifanya kazi. Nilivisha lenzi ndogo, nikafunga tundu hadi nane, nikaning'iniza mkoba wangu uliojaa mawe kwenye stendi isitikisike. Nilikuza kwenye kioo hadi pembe ya kushoto nikakagua uwazi hapo kwanza, halafu katikati, halafu kulia. Bwana wa protokoli akanihimiza. Nikamwambia anyamaze. Nilipiga picha kumi na mbili na sikutetemeka hata mara moja. Furaha niliyokuwa nayo haikuwa nzuri, lakini ilikuwa furaha.

Asubuhi iliyofuata nilifungua faili studioni, peke yangu. Sikutazama katikati. Nilikwenda moja kwa moja kushoto, mstari wa tatu, nikakuza. Mama yangu alikuwa pale. Kovu dogo la kwenye nyusi, alilolipata kwa tawi la mti, lilikuwapo. Mikunjo miwili ya mdomo ilikuwapo. Unywele mmoja wa mvi uliochomoka kwenye kitambaa niliuona nikautambua, kwa sababu nilikuwa nimeshindwa kuuingiza. Nililia, na sitasema nililia kidogo.

Halafu nikaona kwamba haitazami kamera.

Kwenye picha zote kumi na mbili, wote wanatazama mbele, yeye anatazama upande, kuelekea katikati. Wazo langu la kwanza lilinipendeza mno. Nilidhani anamtazama baba mkubwa. Nikasema, sawa, mama, miaka yote hii, na sasa jicho lako limeandikwa kwa megapikseli arobaini na tano, watalitundika wenyewe sebuleni mwao. Nilisogeza picha polepole kulia, nikifuata njia ya macho yake, uso baada ya uso, nikimtafuta mzee.

Macho yalipita juu ya mzee. Yaliishia kwa kaka.

Sikuwa nimemtazama. Nilipokuwa nyuma ya kamera nilikagua pembe, nikakagua wepesi wa watoto kusogea, kaka sikumkagua. Sasa nikamkuza. Ameuma mdomo wa chini hadi umebadilika rangi. Macho yamejaa maji, na maji yamekataa kushuka kwa sababu anainua kidevu kidogo ili yasishuke. Nilikuwa naijua mbinu hiyo. Aliifanya mazishini kwa baba, akiwa na miaka kumi na mitatu, amenishika mkono. Nyuma yake binamu bado anacheka. Lenzi yangu nzuri haikuacha kitu: inaonekana hadi ile misuli ya shingo.

Nilizima kompyuta nikakaa. Nilikuwa nimemfanyia kaka yangu mbele ya ukoo kile kile ambacho ukoo ulimfanyia mama yangu, na nilikuwa nimetumia dakika moja tu. Wao walihitaji miaka.

Turubai lilichapwa. Baba mkubwa alilipenda, akalitundika, akapiga simu kusema sasa hii ndiyo picha. Alimpongeza kaka. Alikuwa amesahau nani alipiga, au aliona haifai kukumbuka. Wageni wake anawaambia ilipigwa na ile lenzi ndefu. Kaka alichukua lenzi yake na nusu ya vitu akaenda kufungua mahali pengine. Ana harusi kila Jumamosi. Ameniachia kamera, hakuidai, na tukikutana kwenye misa tunasalimiana kama watu waliowahi kupanga nyumba moja.

Mama nilimpelekea nakala yake, kubwa kiasi cha meza, nikaitandika kitandani kwake mchana jua likiwa linaingia dirishani. Nilikuwa nimejiandaa kwa siku hiyo tangu nikiwa mtoto. Nikamshika kidole nikakiweka pale.

"Angalia uso yako, maman. Unaonekana kabisa."

Aliinama akajitazama kwa muda mfupi tu, kama mtu anayetazama saa.

"Nimezeeka," akasema.

Kidole chake kikatoka mkononi mwangu. Kikatambaa kwenye mstari wa tatu, kikapita mashangazi, kikapita watawa, kikafika katikati kikasimama.

"Uyu," akasema. "Unitosheye uyu peke yake, kadogo, niweke pa kitanda." Alitaka nimkate kaka peke yake kwenye picha ndogo.

"Na weye, maman? Nisikutosheye weye?"

"Mi najijua."

Nilimwambia nitamletea wiki ijayo. Hiyo ni miezi saba sasa. Kila Jumapili ananiuliza, na kila Jumapili namjibu kwamba mashine imeishiwa wino. Si chuki inayonizuia, chuki ningejua pa kuiweka. Ninaifungua ile faili, ninamkata kaka kutoka kwenye wale themanini, anabaki peke yake kwenye kioo na mdomo wake ameuuma, na mkono wangu unakataa kubonyeza. Mama hanigombezi. Ananiambia tu nisisahau kununua wino.

Wino upo.